Kukimbia Mbio za Barabarani na Watoto Wadogo Nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kikundi chetu cha wazazi hukutana Jinja kila Jumamosi asubuhi kukimbia pamoja na watoto. Wengi wetu tulikulia katika kambi za jeshi na polisi, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kuchezea, na ndiyo maana tunaandika kwa Kiswahili. Kabla ya kila mbio kubwa tumekuwa tukijibu maswali yaleyale, ana kwa ana na kwa simu, mara nyingine usiku wa kuamkia siku yenyewe. Tumeyakusanya hapa. Pale jibu moja linapogusa jingine, tumetaja namba ya swali.

## Kabla ya kuamua

1. Mtoto anaweza kuanza kushiriki mbio akiwa na umri gani?

Mtoto huanza kukimbia mara tu anapojua kutembea sawasawa, kwa hiyo la kuuliza si lini ataweza kukimbia, bali lini ataweza kustahimili mambo yanayoandamana na mbio: kuamka kabla ya kucha, kusimama katikati ya watu wazima asioweza kuona juu ya viuno vyao, kelele za vipaza sauti, na kungoja. Kwa tuliyoyaona, mtoto wa miaka 3 au 4 hufurahia mbio fupi za uwanjani ambazo anamwona mama yake upande wa pili, lakini umati wa barabarani humtisha. Kuanzia miaka 6 au 7, wengi huweza kushiriki mbio za barabarani wakiwa wameshikana mkono na mtu mzima wanayemwamini.

Dalili tunayoitegemea kuliko umri ni kwamba mtoto ameomba mwenyewe, na ameomba zaidi ya mara moja.

2. Umbali gani unamfaa?

Hakuna sheria moja ya nchi inayotaja kilomita kwa kila umri, na waandaaji hutofautiana. Sisi hutumia kipimo chetu: chini ya miaka 5, mita mia chache tu, miaka 5 hadi 7, kilomita 1 au 2, miaka 8 hadi 10, kilomita 2 au 3 za kukimbia, au kilomita 5 akichanganya kukimbia na kutembea, miaka 11 na 12, kilomita 5 kama amezizoea. Kilomita 10 zinaweza kungoja hadi ujana. Marathoni yenyewe, yaani kilomita 42.195, haina nafasi katika mazungumzo haya, kwani mbio nyingi za umbali huo duniani hazimpokei mtu aliye chini ya miaka 18.

Ikumbukwe kwamba kilomita 5 za mbio zetu nyingi za hisani ni matembezi ya watu wengi, wakiwamo wazee na akina mama wajawazito, na mtoto wa miaka 7 anayetembea nusu ya njia hatakuwa peke yake.

3. Mwanangu hukimbia kwenda shule kila siku. Kwa nini nisimwandikishe kilomita 10?

Tunaulizwa hivi sana na wazazi wenye jamaa Kapchorwa na Bukwo, wilaya za Mlima Elgon walikotoka wakimbiaji wengi, na tunawaelewa, kwa sababu nchi hii imezoea kusikia kwamba mabingwa wake walianzia njia ya shule. Ni kweli kwamba mwendo wa kila siku hujenga mapafu na miguu. Lakini mtoto anayekwenda shule husimama apendapo, hukatiza shambani, hupiga teke mpira wa maganda ya migomba, humngoja mwenzake, na akifika mlimani hutembea. Hakuna anayempigia kelele asonge mbele, wala jua la saa nne halimkuti juu ya lami. Kilomita 10 za mashindano humwondolea ruhusa hizo zote.

Kuna pia suala la mifupa. Kwa mtoto, sehemu za mwisho wa mfupa ambako urefu huongezeka bado hazijakomaa, nazo huumizwa na mgongano unaorudiwa maelfu ya mara. Maumivu ya kisigino au ya chini kidogo ya goti kwa mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayekimbia sana mara nyingi hutoka huko, na dawa yake kubwa ni kupumzika.

Wale wanaotutajia mabingwa tunawakumbusha kwamba Joshua Cheptegei, aliyeweka rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020, alipokuwa shule ya msingi alianza na kandanda, akajaribu kuruka umbali na miruko mitatu, ndipo akaingia katika mbio. Jacob Kiplimo alikimbia Olimpiki za Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 15, lakini huyo ni mtu wa pekee, na mtu wa pekee hawezi kufanywa kipimo cha mtoto wa darasa la tatu.

4. Ni mbio zipi nchini zinazofaa familia?

Mbio kubwa zinazojulikana zaidi ni Marathoni ya MTN ya Kampala, iliyoanza mwaka 2004 na ambayo hufanyika mwezi Novemba; Mbio za Kuzaliwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, ambazo hufanyika karibu na tarehe 13 Aprili na kuanzia Lubiri, yaani ikulu yake ya Mengo, Kampala; Mbio za Saratani za Rotari, zilizoanza mwaka 2012 na ambazo huchangia huduma za saratani katika Hospitali ya Nsambya; na Marathoni ya Rwenzori, iliyoanza Kasese mwaka 2022. Zote zina umbali mfupi ambao familia huweza kuumudu.

Hata hivyo, kwa mtoto anayeanza hatupendekezi kubwa kati ya hizo. Mengo hukusanya makumi ya maelfu ya watu, na msongamano wa pale mwanzoni, kabla watu hawajatawanyika barabarani, ni mzito hata kwa mtu mzima. Kampala ni mji wa vilima, na kilomita moja ya kupanda haifanani na kilomita moja ya uwanja wa shule. Anza na mbio ndogo za parokia, za msikiti, za shule au za hospitali ya wilaya, zenye washiriki mia mbili au tatu, ambako mtu wa kituo cha maji atamwona mtoto akipita na kumwita kwa jina. Baada ya mbili au tatu za namna hiyo, umati wa uwanja wa Kololo, Kampala, utakuwa sherehe kwake.

5. Naweza kutafuta muda wangu mzuri huku nikikimbia na mtoto?

Hapana. Hili ndilo jibu letu fupi kuliko yote, na ndilo ambalo watu hubishana nalo kuliko yote, kwa hiyo nitaeleza lilikotoka.

Miaka kadhaa iliyopita nilikimbia kilomita 5 na binti yangu, aliyekuwa na miaka 7, nikiwa na saa mpya mkononi. Karibu na kilomita ya tatu tulipita bendi ya tarumbeta iliyokuwa imesimama kando ya mtaro. Alisimama. Alikuwa anamtazama kijana mmoja mwembamba aliyekuwa akipiga ngoma kubwa kuliko kifua chake, mashavu ya wenzake yakivimba na kunywea, na jua likimetameta kwenye shaba. Nilitazama saa, kisha nikamvuta mkono. Alimaliza mbio akiwa kimya, na medali akaiacha kwenye kiti cha taksi tuliyorudi nayo. Ilipita zaidi ya miezi minane kabla hajakubali kuvaa raba zake tena.

Tangu hapo nimeshika jambo moja: mbio ni zangu au ni zake, haziwi zetu sote kwa mizani ya saa yangu. Wazazi wawili wanaweza kugawana, mmoja akikimbia zake alfajiri katika kilomita 21 na mwingine akibaki na mtoto katika 5, kisha mbio zijazo wakabadilishana. Mzazi aliye peke yake na achague mapema, na akichagua mtoto, saa aiache nyumbani.

## Kujiandikisha na vifaa

6. Je, mtoto anahitaji namba yake mwenyewe?

Ndiyo, hata kama waandaaji wangemruhusu apite bure nyuma yako. Namba ya kifuani ndiyo inayowajulisha watu wa huduma ya kwanza kwamba huyu ni mshiriki, na upande wake wa nyuma kuna nafasi ya kuandika jina la mlezi, namba ya simu na ugonjwa wowote alionao. Mtoto asiye na namba akianguka hudhaniwa kuwa mtoto wa mtaani aliyejiunga njiani, na tumeona jambo hilo likitokea.

Soma pia masharti ya umri. Baadhi ya waandaaji hudai mzazi atie sahihi, wengine hutaka kila mtoto wa chini ya umri fulani awe na mtu mzima. Nchini Uingereza, katika mbio za parkrun za kilomita 5, mtoto wa chini ya miaka 11 hutakiwa kuwa ndani ya umbali ambao mkono wa mtu mzima unamfikia. Sisi tumeiazima kanuni hiyo kwa sababu ni rahisi kuikumbuka na haihitaji kipimo.

7. Fulana waliyompa ni kubwa mno. Nifanyeje?

Saizi ndogo za watoto huisha mapema, kwa hiyo chukua vifaa siku za kwanza za ugawaji. Ukikuta zimekwisha, usimfunge fundo kubwa kiunoni, kwani humchubua ubavuni. Fundi wa cherehani mtaani ataipunguza kwa muda mfupi na kwa pesa kidogo. Ifue mara moja kabla ya siku ya mbio, maana kitambaa kipya huwasha.

8. Naweza kukimbia na mtoto mchanga mgongoni au kwenye kigari?

Mgongoni, kukimbia hapana, kutembea sawa. Shingo ya mtoto mchanga haina nguvu ya kuzuia kichwa kisitikiswe, na kila hatua ya kukimbia ni mtikiso. Mama anayetembea kilomita 5 na mtoto aliyefungwa vizuri kwa kanga hafanyi kosa lolote, mradi aanze nyuma ya umati na amfunike kichwa jua likipanda.

Kigari cha kukimbilia kina magurudumu matatu makubwa, breki ya mkononi, mikanda inayopita mabegani na katikati ya miguu, na kamba ya kufunga kwenye kifundo cha mkono wa msukumaji ili kisimponyoke kwenye mteremko. Kigari cha kawaida chenye magurudumu madogo hakifai, kwani kwenye shimo la kwanza la barabara zetu gurudumu la mbele litazama na kigari kitapinduka. Madaktari wa watoto kwa kawaida hushauri kungoja mpaka mtoto awe na angalau miezi 6, na wengine husema 8, akiwa anaweza kukaa na kuinua kichwa mwenyewe. Uliza waandaaji kabla ya kulipa, maana wengi hawaruhusu vigari kabisa. Kwa maoni yangu, kwa hali ya barabara na miteremko ya Kampala, wanaokataza wana haki.

## Maandalizi

9. Mtoto afanye mazoezi kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani. Mtoto anayecheza kila siku tayari anafanya mazoezi. Kwa wiki 6 kabla ya mbio sisi hukutana mara moja kwa wiki, na wazazi wanaopenda huongeza siku moja nyumbani. Tunakimbia kutoka mti hadi mti, tunatembea kutoka mti hadi mti, tunacheza kukimbizana, tunarudi. Jambo tunalolifanyia mazoezi kwa makusudi ni moja: kukimbia polepole kiasi cha kuweza kuimba. Mtoto akikatika pumzi katikati ya wimbo, anakimbia kasi kupita kiasi. Sababu iko katika swali la 13.

10. Akimbie na viatu au peku?

Mtoto aliyezoea peku kwenye nyasi na udongo anakimbia vizuri, na hatuoni sababu ya kumlazimisha viatu katika uwanja wa shule. Lami ni jambo jingine: ina vipande vya chupa, misumari, na saa nne asubuhi huwa imekwisha kupata moto. Katika sehemu kadhaa za Busoga kuna pia funza, ambao hungoja kwenye vumbi, kwa hiyo kagua vidole vya mtoto jioni akirudi.

Si lazima raba ziwe mpya. Mitumba mizuri ya soko la Owino, Kampala, hutosha, ikiwa soli inajikunja penye vidole, kisigino hakitoki, na kuna nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kosa kubwa ni kumvalisha viatu vipya kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Avitumie wiki mbili kwanza.

11. Ale na anywe nini?

Usiku uliotangulia ale chakula chake cha kawaida, matoke, wali au posho (ugali), bila kitu kigeni. Asubuhi, kiasi cha saa moja na nusu kabla, uji mwepesi, ndizi mbivu au kipande cha mkate hutosha. Asishibe. Maharage na maziwa mengi asubuhi ya mbio yamewaharibia siku watoto wengi tunaowajua.

Maji apewe kidogo kidogo, mafunda machache kila dakika 15 au 20, na mengine akimaliza. Kwa mbio za chini ya saa moja hahitaji vinywaji vya sukari na chumvi vinavyouzwa kwa ajili ya wanamichezo, na soda kabla ya kukimbia humjaza gesi. Beba kichupa chako, kwa sababu vituo vya maji huweza kuishiwa watu wa nyuma wanapofika, na watu wa nyuma ndio ninyi.

## Siku yenyewe

12. Tufike saa ngapi na tusimame wapi?

Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, na mbio nyingi huanza karibu na wakati huo ili kukwepa joto. Barabara hufungwa mapema, kwa hiyo uwe umefika dakika 45 kabla. Kuwahi zaidi ya hapo ni kumchosha mtoto bure kwa kusimama.

Simameni nyuma kabisa, upande wa kushoto au wa kulia, kamwe si katikati. Mlio ukilia, msikimbie. Hesabuni hadi mia moja pamoja, acheni umati uondoke, kisha mwanze. Watoto wadogo wakianguka, mara nyingi huangukia mita 200 za mwanzo, wanaposukumwa na watu wazima wasiowaona.

Kuhusu hewa, asubuhi na mapema Kampala hubeba moshi wa majiko ya mkaa, takataka zinazochomwa na magari. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere hutangaza vipimo vya hewa vya maeneo mbalimbali ya mji, na mwenye mtoto wa pumu atafaidika kuvitazama (tazama swali la 18).

13. Anaanza kwa kasi sana kisha anaishiwa nguvu. Nimsaidieje?

Kila mtoto hufanya hivyo, na si watoto peke yao. Tarehe 26 Machi 2017, katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika yaliyofanyika Kololo, Cheptegei aliongoza mbele ya watu wa nchi yake hadi mzunguko wa mwisho, miguu ikamgomea, na akamaliza wa 30. Huwa tunawasimulia watoto habari hiyo pamoja na mwisho wake: mwaka 2020 akaweka zile rekodi mbili, na mwaka 2024 akatwaa dhahabu ya mita 10,000 katika Olimpiki za Paris. Mtoto anayejua kwamba hata Cheptegei aliwahi kuishiwa hujisikia nafuu zaidi kuliko yule anayeambiwa jikaze.

Kwa vitendo, mwambie kwamba wewe ndiye unayechoka, na umwombe akungoje. Kimbia nusu hatua nyuma yake, si mbele, ili mwendo uwe wake. Pangeni mapema mahali pa kutembea: kila mlima, kila kituo cha maji. Akijua kwamba kutembea kumo ndani ya mpango, haoni aibu.

14. Nitajuaje kwamba joto limemzidi?

Hili tafadhali lisomwe kwa makini. Mwili wa mtoto hupata joto haraka anapokimbia, naye hutoa jasho kidogo kuliko mtu mzima, kwa hiyo hujipoza kwa shida zaidi. Tena mtoto aliyechangamka hatakwambia anajisikia vibaya mpaka hali iwe imekwenda mbali.

Mtazame uso kila baada ya dakika chache. Uso uliopauka au uliowiva kupita kawaida, kuacha kuzungumza kwa mtoto msemaji, kuumwa kichwa, kichefuchefu, kuyumba au kuhisi baridi juani, kila mojawapo ni sababu ya kusimama. Mpeleke kivulini, mvue kofia na viatu, mmwagie maji kichwani, shingoni na kwapani, mpepee, mpe maji kwa mafunda. Akiwa amechanganyikiwa, anatapika au hajibu, usimnyweshe kitu: endelea kumpoza kwa maji mengi na ita watu wa huduma ya kwanza papo hapo. Usingoje kuona kama atapata nafuu.

15. Itakuwaje tukipotezana?

Nimepitia hayo, kwa hiyo nitasema yote. Mwanangu wa kiume, akiwa na miaka 6, aliniponyoka baada ya kumaliza, pale wanapogawa maji, katika mbio ambazo sitazitaja. Namba yangu ya simu nilikuwa nimeiandika kwenye mkono wake kwa kalamu ya kawaida, na jasho lilikuwa limeifuta ikabaki kivuli cha buluu. Watu waliovaa vizibao vya waandaaji hawakujua watoto waliopotea hupelekwa wapi. Nilimpata baada ya dakika ishirini hivi, ameketi kwenye ngazi ya gari la wagonjwa, anakula ndizi aliyopewa na muuguzi, hana wasiwasi wowote. Mimi nilikuwa natetemeka.

Sasa tunafanya hivi. Namba ya simu huandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, mahali pawili: nyuma ya namba ya kifuani na ndani ya mkono. Mtoto hukariri jina kamili la mzazi, kwa sababu "Mama" na "Baba" hazimsaidii mtangazaji. Kabla ya mbio tunamwonyesha kitu kikubwa kisichohama, kama mti au jengo, na kumwambia kwamba tukipotezana asimame hapo. Tunamfundisha amwendee askari, muuguzi, au mama aliye na watoto wake. Tunampiga picha asubuhi hiyohiyo, akiwa amevaa nguo za siku hiyo, kwa maana siku ile sikuweza kukumbuka rangi ya kaptura yake. Polisi hupatikana kwa 999 au 112, na simu ya msaada kwa watoto ya Sauti ni 116, bila malipo.

16. Na choo?

Ahakikishe amekwenda nyumbani. Vyoo vya mahali pa kuanzia huwa na foleni ndefu, kwa hiyo beba karatasi ya chooni na kaptura ya akiba, na mwambie kwamba kusimama njiani si kosa.

17. Akikataa kuendelea katikati ya njia?

Simama naye na mwulize swali moja: unaumwa au umechoka? Akiumwa, mbio zimekwisha, na mrudi kwa boda boda au kwa gari la waandaaji. Akiwa amechoka tu, keti naye dakika mbili ukingoni, mpe maji, kisha tembeeni hadi mahali panapoonekana kwa macho. Mara nyingi huinuka mwenyewe. Akikataa tena, rudini nyumbani, wala asisikie neno "umeshindwa" kutoka kwako, kwa shangazi au kwa jaja (bibi au babu). Tumeona watoto waliorudi kwa boda boda wakiomba kuandikishwa tena mwezi uliofuata.

## Hali za pekee

18. Mtoto wangu ana pumu.

Pumu iliyodhibitiwa haimzuii. Azungumziwe na daktari wake kabla, dawa ya kuvuta ibebwe na mtu mzima anayekimbia naye, si ibaki kwenye begi mahali pa kumalizia, na apashe mwili moto polepole. Kifua kikibana au akianza kukohoa mfululizo, simameni na mtumie dawa jinsi mlivyoelekezwa. Siku yenye vumbi zito au moshi, afadhali abaki.

19. Mtoto wangu ana siko seli (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi). Je, hawezi kabisa?

Utafiti wa kitaifa uliopima damu za watoto wachanga nchini ulikuta kwamba takriban 13 katika kila 100 wanabeba chembe ya siko seli, na chini ya mmoja katika 100 wana ugonjwa wenyewe. Mambo haya mawili yatenganishwe. Anayebeba chembe tu kwa kawaida hukimbia kama wengine, akizingatia maji na joto. Mwenye ugonjwa yuko katika hatari ya kupatwa na maumivu makali anapokaukiwa maji, anapopata baridi au anapojichosha, kwa hiyo ashiriki tu kwa idhini ya kliniki yake, na mara nyingi ushiriki huo huwa kutembea umbali mfupi, kupumzika apendapo na kuvaa nguo za joto alfajiri.

Usimfiche nyumbani. Mbio za Kabaka ziliwahi kuchangia mapambano dhidi ya ugonjwa huuhuu, na mtoto aliye nao ana haki ya kuvaa fulana ile kuliko sisi sote. Kama hamjawahi kupima, pimeni.

20. Alikuwa na malaria wiki iliyopita, na tumekwisha kulipa.

Pesa zimekwenda. Mtoto aliyetoka kwenye homa hubaki na damu pungufu kwa muda hata akionekana mchangamfu. Tunangoja angalau wiki mbili baada ya kumaliza dawa, na hata hapo tunaanza kwa kutembea. Mtoto mwenye homa asubuhi ya mbio hakimbii kabisa, hata iwe ndogo.

21. Mtoto wangu ana ulemavu. Je, atapokelewa?

Andikia waandaaji mapema na uulize mambo mahususi: njia ina ngazi au matuta makubwa, muda wa mwisho ni upi, na je, kuna mtu atakayebaki mwisho kabisa hadi mshiriki wa mwisho afike? Kikundi chetu kina msichana anayetumia magongo ambaye humaliza kilomita 2 kwa dakika 50 hivi. Hatutoki uwanjani kabla yake, na utepe wa kumalizia huwa tunaushika sisi wenyewe, kwa sababu waandaaji mara nyingi huwa wamekwisha kuukunja.

22. Mvua ikinyesha?

Aprili na Novemba ni miezi ya mvua, kwa hiyo mbio mbili kati ya zile kubwa huangukia humo. Mvua ya kawaida haidhuru, mradi kuna nguo kavu mwishoni. Radi ni jambo jingine. Mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo. Ukisikia ngurumo, mwingizeni mtoto ndani ya jengo imara au gari, msijikinge chini ya mti wala hema, na msirudi barabarani kabla ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho, hata kama mtangazaji anaita watu.

23. Anawashinda wenzake wote. Nimtafutie kocha?

Akiwa chini ya miaka 12, mwache acheze michezo mingi, kwa sababu zilizoelezwa katika swali la 3. Riadha za shule zinamtosha. Mtu yeyote anayekuja kumtaka mtoto kwa ajili ya kambi ya mazoezi aonyeshe anatambuliwa na Shirikisho la Riadha la Uganda, na mzazi aitembelee kambi hiyo, aone wanapolala na nani analala nao. Mtoto asikabidhiwe kwa maneno ya simu.

24. Naweza kuweka picha zake mtandaoni?

Mwulize yeye kwanza, na akikataa, basi. Akikubali, funika namba ya kifuani, maana nyuma yake uliandika simu yako na mbele waandaaji huweza kuchapisha jina lake. Usitaje shule anayosoma. Ukipiga picha ya kikundi, omba ruhusa ya kila mzazi, na yule asiyetaka mwanawe aonekane asitakiwe kutoa sababu.